Nyimbo za filamu za Kitamili: siambulii hata neno, lakini nikizisikia roho inachanua. Furaha hii inatoka wapi?

PasiYaMkaa #1
Wakuu salaam.

Mimi ni dobi, kibanda changu kipo Sinza. Kazi yenyewe ni kusimama kutwa na mvuke usoni, kwa hiyo bila muziki siku haiendi. Zamani nilikuwa naweka Bongo Fleva. Shida yake naelewa kila kitu. Jamaa akiimba kaachwa, namkumbuka niliyeachana naye. Akiimba pesa, nakumbuka kodi ya fremu.

Sasa YouTube ikanipeleka yenyewe kwa mzee mmoja anaitwa Ilaiyaraaja. Kuna wimbo wake fidla nyingi zinaanza kwa pamoja, zinapanda, halafu kimya, linabaki gitaa la besi peke yake linatembea, ndipo filimbi inaingia kwa juu. Pale kwenye filimbi mimi huwa nainua pasi juu ya nguo na kusimama tu. Sijui nyimbo zake zinasema nini. Na sitaki kujua.

Madai yangu ni haya: furaha ya kweli ya muziki inaanza pale maneno yanapoisha. Ukielewa, umeshaharibu. Bisheni.

Kobe_Mwendapole #2
Nimekaa mstari wa mbele, karanga ninazo.

DadaWaKijitonyama #3
Kwani Kitamili na Kihindi si kitu kimoja? Mimi zote naziita nyimbo za Shah Rukh Khan.

MsukumaWaMuscat #4
Dada #3, ungeniambia hivyo huku kazini wangekusindikiza mpaka getini. Niko Muscat, karakana moja na Watamili na Wamalayali (watu wa jimbo la Kerala), miaka inakwenda. Kitamili ni lugha ya Tamil Nadu, kusini kabisa mwa India, na kaskazini mwa Sri Lanka pia. Ni ukoo mwingine wa lugha, haihusiani na Kihindi zaidi ya ujirani. Filamu zao zinatengenezwa Chennai, mtaa wa Kodambakkam, ndiyo maana wanaziita Kollywood.

Huyo mzee wa mleta mada alizaliwa 1943 kijiji cha Pannaipuram, kwenye familia ya tabaka lililokuwa linabaguliwa. Kaka yake alikuwa akiimba kwenye mikutano ya chama cha Kikomunisti, naye akamfuata kijiji kwa kijiji na kinanda. Filamu ya kwanza aliyoitungia muziki ni Annakili ya 1976. Sasa hivi amepita filamu 1,000. Fidla anaziandika kwa mkono kwenye karatasi, kila mpigaji na sehemu yake, halafu anakabidhi.

Kuhusu madai yako, siyakubali. Nitarudi, bosi anapita.

Kobe_Mwendapole #5
Msukuma anajua Kitamili kuliko Kisukuma.

Chakacha_Mvita #6
Hamjambo bara na pwani.

Mleta mada, si maneno wala kukosa maneno. Ni mapigo. Hizi za kuchezwa barabarani, wanaziita kuthu, sikiza ngoma peke yake. Mkono unahesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, lakini kiuno kinahesabu mbili tu. Mapigo sita, unayagawa utakavyo. Sasa hiyo si chakacha? Mie nililelewa Mombasa nyuma ya nyumba za harusi, mwili wangu ulijua hesabu hiyo kabla sijajua kusoma. Mtamili akipiga, naitika. Sihitaji mkalimani.

Tena Wahindi na sisi ni watu wa zamani. Marehemu Juma Bhalo alikuwa akichukua lahani za filamu akazitilia mashairi ya Kiswahili, na wazee walilia ukumbini.

MsukumaWaMuscat #7
Mvita, Juma Bhalo alichukua za Kihindi, za Bombay. Hapa tunaongelea Chennai.

Ila kwenye ngoma umegonga ndipo. Ile inayosikika kavu, kali, inaitwa parai. Ngozi kwenye duara la mti, inapigwa kwa vijiti viwili, na kabla ya kupiga wanaipasha motoni ikaze. Sasa sikilizeni hili: hiyo ni ngoma ya msiba. Waliopewa kazi ya kuipiga ni watu wa tabaka la chini kabisa, wanaitwa kwenye mazishi. Chennai mpaka leo jeneza linapelekwa na watu wanacheza mbele yake. Mapigo hayohayo ndiyo yakaingia kwenye filamu yakawa ya shujaa kushuka kwenye gari na miwani nyeusi.

Kwa hiyo furaha yako wewe Mvita imetoka makaburini.

Chakacha_Mvita #8
Ndo nzuri! Furaha isiyojua msiba ina uzito gani?

BintiWaBweleo #9
Mie niko Unguja. Toka 2023 chuo cha teknolojia cha India, IIT Madras (Madras ndiyo Chennai kwa jina la zamani), kimefungua tawi huku kwetu Bweleo, kwahivyo vijana wa Kihindi wapo, na wa Chennai miongoni mwao. Yupo mmoja hununua urojo kwa mama. Nikamuuliza, nyimbo zenu mbona zina furaha vile? Akacheka, akasema nusu ya hizo ninazozipenda ni za kilio. Nikazidi kuzipenda.

DadaWaKijitonyama #10
Mimi wa Kitamili ninaoujua ni Naatu Naatu. Ule uliochukua Oscar. Nikiuweka watoto wanavunja kochi.

MsukumaWaMuscat #11
Naatu Naatu ni wa Kitelugu. Mtunzi M. M. Keeravani, Oscar ya 2023. Ni majirani wa Watamili na hawapendi kuchanganywa.

DadaWaKijitonyama #12
Kochi limevunjika vilevile.

DaktariWaNgombe #13
Naomba nitie sayansi kidogo, ingawa wagonjwa wangu wana kwato.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, waliwapima watu ubongo wakati wakisikiliza nyimbo zinazowasisimua mpaka vinyweleo kusimama. Walikuta ubongo unamwaga dopamini, kemikali ileile ya raha ya chakula, na unamwaga mara mbili mahali tofauti: wakati unangojea kilele, na kilele chenyewe kikifika. Mleta mada, ile filimbi yako. Fidla zimekupandisha, besi imekuweka ukingoni, unasubiri. Kabla filimbi haijalia umeshalipwa nusu.

Utafiti wa pili wa 2009. Walikwenda kwa Wamafa, milima ya kaskazini mwa Kameruni, watu ambao hawakuwahi kusikia muziki wa Kizungu. Wakawapigia. Wamafa wakaweza kutofautisha kipande cha furaha, cha huzuni na cha hofu, zaidi ya kubahatisha. Kwa hiyo kitu fulani kinavuka bila lugha.

MhasibuMstaafu #14
Daktari, kutambua furaha si kufurahi. Mimi natambua Simba wakifunga. Sifurahi.

Pia hao wa Montreal, si walikuja na nyimbo zao wenyewe wanazozipenda tayari? Basi mleta mada na wimbo aliorushiwa na simu bado hajaelezwa. Maelezo yangu mimi ni mafupi: kijana amechoka, kazi inajirudia, kitu kipya kimeingia. Mwakani atatuletea uzi wa nyimbo za Mongolia.

DaktariWaNgombe #15
Hoja ya nyimbo zao wenyewe naikubali. Hiyo ya Simba nakuachia wenyewe wakujibu.

Jogoo_wa_Msimbazi #16
Nimefika. Mhasibu tukutane nje ya uzi.

UjiWaMchele #17
Nimesoma kimyakimya, acha na mimi niseme.

Nilimpeleka mama yangu Chennai, operesheni ya moyo. Mnaojua mnajua: mnapanga chumba kwenye nyumba za wageni karibu na hospitali, jiko la pamoja. Mle jikoni unakuta Mwomani anachemsha wali, Mbangladeshi anakaanga samaki, na wewe na sufuria yako ya uji. Hakuna anayeongea, kila mtu ana mgonjwa wake juu.

Mlinzi wa pale alikuwa mzee, simu ndogo ya vitufe mfuko wa shati, inaimba kwa sauti ya chini usiku kucha. Siku ya operesheni nilishindwa kukaa chumbani, nikashuka nikakaa ngazini karibu yake. Hakuniuliza kitu. Aliitoa tu simu mfukoni akaiweka kwenye ngazi, katikati yetu. Ukapigwa wimbo wa mwanaume, sauti nzito, anaanza kwa kuguna bila maneno, halafu mwanamke anamjibu kwa mbali. Ulipoisha akaurudia.

Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Na katikati ya hofu hiyohiyo nikawa na furaha. Si faraja, furaha. Niliona hata aibu. Nikienda msikitini ama nikikaa na ndugu siwezi kulieleza hili wakanielewa, ndiyo maana nalileta humu.

Mama yupo, mzima, Tanga anauza maandazi. Ule wimbo sijaupata mpaka leo.

PasiYaMkaa #18
Pole na hongera, UjiWaMchele. Nimezima pasi nikasoma mara mbili.

Chakacha_Mvita #19
Mola amzidishie mama afya. Sasa tuutafute huo wimbo. Mwanaume alikuwa na sauti vipi?

UjiWaMchele #20
Nzito, imetulia. Haina haraka.

MsukumaWaMuscat #21
Waimbaji wa kiume wa enzi zile ambao mlinzi wa umri huo angewabeba mfukoni ni wawili watatu. Nzito iliyotulia ni K. J. Yesudas, Mkristo wa Kerala ambaye mahekalu ya Kihindu yanapiga nyimbo zake. Lakini kama uliwahi kusikia anacheka kidogo katikati ya neno, huyo ni S. P. Balasubrahmanyam, wote huku wanamwita SPB. Alikuwa anaweza kutia kicheko ndani ya noti na noti isitikisike. Alifariki Septemba 2020, wakati wa korona, na karakana yetu nzima siku ile hakuna aliyewasha mashine mapema. Mwanamke anaweza kuwa S. Janaki.

Na hapa kuna jambo. SPB kwao ni jimbo la Andhra, lugha ya mama ni Kitelugu. Janaki vilevile. Yesudas ni Mmalayali. Hao ndio waliowaliza na kuwachekesha Watamili kwa Kitamili kwa miongo. Kwa hiyo mleta mada, hata waimbaji wenyewe walianza kama wewe, nje ya lugha. Tofauti ni kwamba wao waliingia.

UjiWaMchele #22
Kicheko sikumbuki. Kulikuwa na mluzi mwishoni.

Kobe_Mwendapole #23
Mluzi usije ukawa wa mlinzi mwenyewe.

SheheMdogo #24
Assalaam alaykum. Sitaki kuharibu uzi, ila raha ya nyimbo ni ya kupita. Moyo hutulia kwa dhikri. Ni hayo tu.

BintiWaBweleo #25
Waalaykumu salaam. Sawa, shehe. Lakini A. R. Rahman, yule mtunzi wa muziki wa filamu, si Muislamu mwenzetu aliyezaliwa kwenye dini? Alipopewa Oscar mbili 2009 alisema jukwaani kwa Kitamili kwamba sifa zote ni za Mungu.

MsukumaWaMuscat #26
Maneno aliyasema, kweli. Kuzaliwa kwenye dini hapana. Alizaliwa Madras 1967, jina lake Dileep Kumar, familia ya Kihindu. Alisilimu akiwa kijana, pamoja na mama yake. Baba yake, R. K. Shekhar, alikuwa mtunzi wa muziki wa filamu za Kimalayalam, akafariki mtoto akiwa na miaka 9. Nyumba ikaishi kwa kukodisha vinanda vya marehemu. Mtoto naye akaanza kupiga kinanda kwenye bendi za watu akiwa bado mdogo, mpaka kwa Ilaiyaraaja huyuhuyu wa mleta mada. Baadaye akajenga studio uani kwake, na 1992 mwongozaji Mani Ratnam akampa filamu ya Roja. Jarida la Time 2005 liliiweka Roja kwenye orodha ya muziki bora wa filamu wa wakati wote.

Sasa nirudi kwenye ubishi wangu wa #4. Kwenye Roja kuna wimbo wa msichana wa kijijini, aliuimba Minmini, mashairi ya Vairamuthu. Anaorodhesha matamanio yake madogomadogo, kisha yanakua bila yeye kujua: auguse mwezi na kuubusu, dunia imzunguke yeye. Baada ya hapo kwenye filamu anaolewa, mume anatekwa Kashmir, na mwezi hana habari naye. Mtu asiyeelewa anasikia wimbo wa furaha tu. Aliyeelewa anasikia furaha ya mtu ambaye hajui kinachokuja. Wewe PasiYaMkaa unakula ganda la chungwa unatuambia ni tamu.

PasiYaMkaa #27
Mkuu, huyo msichana mwenyewe alikuwa na furaha kwa sababu hakujua kinachokuja. Sasa mimi na yeye nani tofauti? Umenisaidia kujenga hoja yangu.

Kobe_Mwendapole #28
Msukuma kafungwa goli la kujifunga. Mhasibu, hili umelitambua?

MhasibuMstaafu #29
Nimelitambua na nimefurahi.

MtuWaKariakoo #30
Wote mnazunguka mbuyu. Ni picha! Mimi wa Kitamili nimewajua kwa mcheza dansi Prabhu Deva, ule wimbo wa Muqabla, miguu kama haina mifupa. Tulikodi kanda mtaa mzima, tukaikausha. Wimbo bila miguu ile usingefika Kariakoo. Muda huu hata Kili Paul kafuata njia hiyohiyo: Mmasai na shuka lake, anafuatisha midomo nyimbo za Kihindi na Kitamili, mpaka ubalozi wa India Dar ukamwita kumpongeza 2022. Midomo na miguu. Furaha inaingilia machoni.

DadaWaKijitonyama #31
Kili Paul anajua anachoimba?

MtuWaKariakoo #32
Midomo yake inajua. Inatosha.

UjiWaMchele #33
Mtu wa Kariakoo, ngazini palikuwa giza. Sikuona mguu wa mtu.

MtuWaKariakoo #34
Yako ni ya pekee, dada. Nimekaa.

Mwalimu_wa_Kwaya #35
Nafundisha kwaya, kwa hiyo nitasema la kiufundi. Watamili wana raga, yaani ngazi ya sauti na adabu zake za kupanda na kushuka. Ile inaitwa Mohanam ina sauti tano tu. Ukibonyeza kwenye kinanda: do, re, mi, so, la. Hakuna fa, hakuna ti. Zile mbili zilizoachwa ndizo zinazoleta msuguano wa nusu sauti. Ukiziondoa, hakuna pa kujikwaa, kila unapotua pako sawa. Ngazi za sauti tano zipo Ethiopia, zipo China, zipo kwenye nyimbo chungu nzima za watoto. Ilaiyaraaja aliipenda Mohanam na anaijua mpaka ndani, kisha chini yake anatembeza besi ya Kizungu kama ya mtunzi Bach. Huyo alisoma gitaa la kiklasiki na kufanya mitihani ya Trinity College ya London. Sikio la mtu wa kanisani kama mimi linapata vyote viwili kwa pamoja, la nyumbani na la Kizungu.

Nimejaribu kuifundisha kwaya kipande cha namna hiyo. Sauti ya pili wakaniongezea fa kwa nguvu. Wamezoea.

Chakacha_Mvita #36
Mwalimu, na zile za huzuni? Mbona nazo zanifurahisha?

Mwalimu_wa_Kwaya #37
Hapo ngazi zangu hazifiki.

Kijana_wa_Coimbatore #38
Habari zenu. Nilisoma Coimbatore, Tamil Nadu, naona mmesahau wimbo mkubwa kuliko yote: Kolaveri. 2011, Dhanush kaimba, muziki wa Anirudh. Ulisambaa dunia nzima kabla filamu yake haijatoka. Sasa, maneno yake ni Kiingereza kibovu cha makusudi kilichochanganywa na Kitamili. Kila mtu alielewa, na hakukuwa na cha kuelewa! PasiYaMkaa, madai yako yanasemaje hapo?

Tena ni wimbo wa mlevi aliyeachwa na mchumba. Bwenini tulikuwa tunaucheza siku za matokeo, waliofaulu na waliofeli.

Kitu kingine nilichokiona kule: furaha hawaisikilizi peke yao. Basi la mji linapiga, konda anaimba, abiria wa nyuma wanajibu. Kibanda cha chai asubuhi kinapiga. Wanawake wameweka asumini mbichi kwenye nywele, basi zima linanukia, na wimbo juu yake. Nikirudi Dodoma nikiuweka uleule kwenye spika za masikioni, unakuwa mzuri tu. Basi.

BintiWaBweleo #39
Asumini kwenye basi! Huku kwetu kikuba ni cha chumbani na harusini. Hebu niambie, wanazishona kwa uzi au wanazifunga?

Kijana_wa_Coimbatore #40
Wanafunga kwa uzi bila sindano, vidole vinakwenda mbio. Wanauza kwa kupima urefu wa mkono, toka kiwiko mpaka vidoleni.

MhasibuMstaafu #41
Sasa uzi umekuwa wa maua. Lakini mwanafunzi amesema la maana kuliko daktari. Zamani Dar tulikuwa tunakwenda sinema za Kihindi, Avalon, Empress, ukumbi mzima unaimba na tafsiri hatuna. Leo kila mtu na simu yake anashangaa furaha imetoka wapi.

PasiYaMkaa #42
Wakuu asanteni, nimesoma zote. Chakacha_Mvita, nimeijaribu ile hesabu yako ya mkono tatu kiuno mbili nikiwa na pasi ya moto. Msishauri watu mambo hayo.

Mhasibu, mimi niko peke yangu kibandani na furaha ninayo. Kwa hiyo ya basi sikubali yote. Kolaveri nimeusikiliza leo. Nimeelewa maneno kadhaa, nikamkumbuka yule niliyeachana naye. Msimamo wangu palepale.

MsukumaWaMuscat #43
UjiWaMchele, nimewauliza Watamili wawili zamu ya usiku kuhusu wimbo wako: kuguna, mwanamke mbali, mluzi mwishoni. Mmoja katoa jina, mwenzake kakataa, wameanza kugombana na kila mmoja kampigia simu mama yake Madurai.

UjiWaMchele #44
Hahaha. Nitumie yote mawili.

Jogoo_wa_Msimbazi #45
Mhasibu bado nakusubiri nje.